Antivairasi Yenyewe Nani Anailinda?

Wanachuo wenzangu, kwenye maabara ya kompyuta swali letu ni moja tu: antivairasi ipo? Tukiona alama yake pale chini kulia, tunachomeka flashi bila wasiwasi. Mimi naongeza la pili: faili za hiyo antivairasi, nani ana ruhusa ya kuzibadilisha?

Windows huweka kwa kila faili orodha ya nani asome, nani aendeshe na nani abadilishe. Sisi wa akaunti za kawaida, kwenye folda za programu, tunatakiwa kusoma na kuendesha tu. Antivairasi yenyewe hufanya kazi kwa akaunti iitwayo SYSTEM, yenye mamlaka makubwa kabisa, maana ni lazima ichungulie kila kona ya mashine. Sasa mtengenezaji akiiacha folda yake wazi kwa kila mtu, imekula kwetu. Faili inayoendeshwa haifutiki kirahisi, lakini jina lake hubadilika. Jamaa anaibadili jina, anaweka ya kwake yenye jina lile la mwanzo, anaondoka zake. Kompyuta ikiwashwa upya, Windows yenyewe inaiamsha ile faili ngeni kwa nguvu za SYSTEM. Hakuvunja nywila hata moja! Ila za kwenu mtakaoketi pale baadaye, pamoja na ya akaunti yenye matokeo yako, anaweza kuzinasa zote.

Haya yameshatokea. Mwaka 2006 kasoro hii ilikutwa kwenye Panda Platinum Internet Security. Mwaka 2007 ikaonekana tena kwenye Panda Antivirus 2008, ambako mtumiaji wa kawaida aliweza kuibadilisha faili ya PAVSRV51.EXE na kupata mamlaka ya juu. Mara ya kwanza naweza kuelewa. Ya pili, hapana.

Kukagua ni dakika moja. Fungua dirisha la amri, andika icacls, kisha anwani ya folda ya antivairasi ndani ya alama za kunukuu. Users wakiwa na (RX), sawa. Herufi (I) isikutishe, ni ruhusa iliyorithiwa kutoka folda ya juu. Ukiona Everyone au Users wana (F), (M) au (W), usiguse kitu, mwite fundi wa maabara. Na programu ikiwekwa upya, kagua tena, kwa sababu ruhusa nazo huweza kupangwa upya.