Chuma Kisicho na Mlango wa Kutokea

Kwetu sisi, ambao tangu utotoni tumesikia kinamama wajawazito wakihimizwa kula mchicha na maini ili damu yao ipate nguvu, ni vigumu kusadiki ya kwamba chuma hicho hicho chaweza kumzidi mtu mwilini hata kikamwangamiza. Lakini huko Ireland jambo hili si geni: yakadiriwa kuwa katika kila watu 83 mmoja amerithi, kwa baba na kwa mama pia, jeni yenye hitilafu iletayo maradhi hayo, na mmoja katika kila watu 5 huibeba kwa upande mmoja tu, na kwa kawaida hadhuriki. Urithi wenyewe ni wa kale, kwani mifupa ya mtu aliyezikwa katika kisiwa cha Rathlin yapata miaka 4,000 iliyopita ilipochunguzwa, hitilafu hiyo ilikutwa humo.

Maradhi haya huitwa himokromatosi. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 au 4 za chuma, na kila siku huhitaji kupokea miligramu 1 au 2 tu kutoka katika chakula. Mwenyezi Mungu hakuuwekea mlango wa kutolea kilichozidi. Aliweka bawabu mahali pa kuingilia, nayo ni homoni iitwayo hepsidini, itengenezwayo na ini. Kwa aliyerithi hitilafu, bawabu husinzia, chuma kikaingia bila ya hesabu, kikatuama katika ini, kongosho, moyo na viungo, hata akiba yake yaweza kupita gramu 20.

Dalili zake zina hila. Mkulima wa makamo hushindwa asubuhi kukunja ngumi, kwa maumivu yaliyoshika mashina ya kidole cha shahada na cha kati. Naye husema ni baridi, na uchovu wake ni umri. Akipuuza, huenda ngozi ikageuka rangi ya shaba, kisukari kikaingia, na ini likafanya makovu yawezayo kuzaa saratani. Wanawake hukawia kuugua, kwa kuwa hedhi huwapunguzia chuma.

Tabibu mwangalifu huagiza vipimo viwili vya damu: kimoja cha transferini, mchukuzi wa chuma katika damu, ambaye shehena yake ikizidi asilimia 45 kuna la kushuku, na kingine cha ferritini, ionyeshayo wingi wa akiba ghalani. Ferritini peke yake si ushahidi wa kutosha, maana hupanda pia kwa uvimbe, pombe au unene. Ndipo huitwa shahidi wa tatu, uchunguzi wa jeni yenyewe, iliyogunduliwa mwaka 1996.

Na tiba? Ni kutoa damu. Wazee wa pwani waliomwinamishia mwumishi migongo yao wangetabasamu, ila pembe ya mwumishi hutoa kidogo mno. Hapa hutolewa kama nusu lita kwa sindano, kila juma, nayo huondoka na miligramu zipatazo 250 za chuma. Uboho, ukilazimika kutengeneza damu mpya, huchota chuma ghalani. Ferritini ishukapo hadi kama mikrogramu 50 kwa lita, mgonjwa hurudi kila baada ya miezi michache, maisha yake yote. Hukatazwa vidonge vya chuma na vya vitamini C, hushauriwa aepuke pombe, na chaza wabichi huwa haramu kwake, kwa sababu ya bakteria wanaonawiri penye chuma kingi.

Kwa Waafrika hitilafu hii ya jeni ni adimu. Kwetu chuma huwazidi zaidi wagonjwa wa selimundu walioongezewa damu mara nyingi, nao hupewa dawa za kukinasa, wala hawatolewi damu ovyo.

Aliyegunduliwa mapema, kabla ya ini kupata makovu, huishi umri kama wa wenziwe. Basi yule mkulima, atokapo kliniki na pamba mkononi, ana wajibu mmoja kabla ya chakula cha mchana: kumpigia simu nduguye wa tumbo moja, ambaye hajisikii ugonjwa wowote, na ambaye huenda ana fungu 1 kati ya 4 la kuwa na urithi ule ule.