Mapambo ya Kingo kwenye Picha: Yanapofaa na Yanapoharibu

Kila picha ina ukingo, yaani mahali ambapo taswira inakomea na ukuta, ukurasa wa albamu au kioo cha simu kinaanza, na lolote linalofanywa mahali hapo hubadilisha namna mtazamaji anavyoiona picha yenyewe. Pambo la ukingo ni kitu chochote kinachoongezwa hapo kwa makusudi, kama vile mstari wa dhahabu, msururu wa maua, mioyo na nyota, au hata ukanda wa rangi moja usio na nakshi yoyote. Katika studio za kusafisha picha na katika programu za simu pambo la aina hii hupatikana kwa kubonyeza mara moja, na kwa sababu hiyo watu wengi huliweka bila kujiuliza litaifanyia picha kazi gani. Swali hilo la kazi ndilo linalostahili kutangulia, kwa kuwa historia ya upigaji picha inaonyesha kwamba kingo ziliingia kwenye picha kwa mahitaji ya ufundi, na urembo ukafuata baadaye.

Picha za mwanzo kabisa kuenea kwa umma, ambazo ufundi wake, uliobuniwa na Louis Daguerre, ulitangazwa mjini Paris mwaka 1839, zilikuwa mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha, na uso wake ulikuwa mwepesi kuharibika kiasi kwamba kidole kimoja kiliweza kuifuta taswira. Ilibidi kila bamba lifunikwe kwa kioo, na kati ya kioo na bamba iwekwe fremu nyembamba ya madini yenye uwazi katikati, ili vitu hivyo viwili visigusane. Mafundi walipoona kwamba fremu hiyo haiepukiki, wakaanza kuichora na kuipamba. Mwaka 1854 mpiga picha André Disdéri alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa picha ndogo za karatasi zilizobandikwa kwenye kadi ya takriban sentimita 6 kwa 10. Karatasi ya picha ya wakati huo ilikuwa nyembamba na ilipenda kujikunja, hivyo kadi ilikuwa mhimili wake, na pembezoni mwa kadi palibaki nafasi ya kuchapa mistari ya urembo pamoja na jina la studio. Mtindo wa kadi ulisambaa duniani na kufika pwani ya Afrika Mashariki, ambako studio ya A. C. Gomes ya Zanzibar, mwishoni mwa karne ya 19, ilitoa picha zilizobandikwa kwenye kadi zenye jina lake.

Ukanda mweupe unaoonekana katika albamu nyingi za zamani nao ulitokana na kazi. Fundi katika chumba cha giza aliibana karatasi kwa fremu ya chuma chini ya mashine ya kukuzia picha, na sehemu iliyofunikwa na chuma haikupata mwanga, kwa hiyo ilibaki nyeupe. Ukanda huo uliwapa watu mahali pa kushika bila kuchafua sura, na karatasi ilipochakaa, ilianza kuchakaa pembezoni kabla ya kufika kwenye taswira. Fremu nyeupe ya picha za Polaroid, ambayo leo huigwa na programu nyingi kama pambo, ina asili ya namna hiyo hiyo. Katika kamera ya SX-70 ya mwaka 1972, sehemu pana ya chini ilificha kifuko cha dawa ambacho rola mbili zilikipasua wakati picha inatoka, dawa ikatandazwa juu ya taswira na kuisafisha papo hapo. Programu za simu zimerithi umbo la fremu hiyo, ingawa kifuko cha dawa hakipo tena.

Mbali na kulinda, ukingo huathiri jicho. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839 kwamba rangi hubadilika machoni kufuatana na rangi iliyo jirani yake: kijivu kilichozungukwa na weupe huonekana cheusi zaidi, na kijivu kile kile kikizungukwa na weusi huonekana kimeng'aa. Kwa kanuni hiyo, uso wa bibi harusi uliopigwa kwenye mwanga hafifu utazidi kufifia ukizungushiwa ukanda mweupe mpana, na msururu wa waridi jekundu utalivuta jicho pembezoni kabla halijafika kwenye uso huo. Wapo wapiga picha walioutumia ukingo kama ushahidi: Henri Cartier-Bresson na Richard Avedon walizichapa baadhi ya picha zao pamoja na mstari mweusi wa ukingo wa filamu, ili mtazamaji ajue kwamba taswira imetolewa nzima kama ilivyopigwa, bila kupunguzwa.

Haifai kuhitimisha kutokana na hayo kwamba mapambo ni kosa. Huko Lamu, Omar Said Bakor wa Bakor Studio alijulikana kwa kukata picha za wateja wake na kuzipachika pamoja na maua na mapambo mengine, na katika kazi ya namna hiyo pambo ni sehemu ya utunzi tangu mwanzo, kama pindo la kanga linavyobuniwa pamoja na mji wake, yaani sehemu ya katikati. Vivyo hivyo, picha ya mahafali, ya kipaimara au ya kumbukumbu ya marehemu hubeba ujumbe wa tukio, na ukingo wenye jina na tarehe humwambia mtazamaji wa kizazi kijacho jambo ambalo sura peke yake haiwezi kumwambia. Kasoro huanza pale kiolezo kimoja, yaani fremu iliyotengenezwa tayari, kinapobandikwa juu ya kila picha, kikakata kilemba cha mzee na vidole vya mtoto ili maua yapate nafasi.

Hasara hiyo inapimika. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ina eneo la sentimita za mraba 150; ukiwekwa ukingo wa sentimita moja kila upande, taswira hubaki na 8 kwa 13, yaani sentimita za mraba 104, na karibu theluthi ya karatasi inakuwa imetolewa kwa pambo. Upo hata hivyo wakati ambapo ukingo huokoa picha. Simu nyingi hupiga picha zenye uwiano wa 3 kwa 4, ilhali karatasi hiyo ni 2 kwa 3, na studio ikiijaza karatasi yote hulazimika kukata takriban asilimia 11 ya taswira, ubavuni ikiwa picha ni ya kusimama, au utosini na miguuni ikiwa ni ya kulala. Ukanda mweupe katika pande mbili huiacha picha nzima. Watumiaji wa Instagram walifanya hivyo hivyo kabla ya Agosti 2015, wakati mtandao huo ulipokuwa ukipokea picha za mraba pekee.

Kwa picha ya kutundikwa ukutani, hasa katika miji ya pwani yenye unyevu mwingi hewani, ukingo wa lazima ni ule wa karatasi ngumu unaowekwa kati ya picha na kioo, kwa sababu uso wa picha ukigusana na kioo huweza kunata na kuchanika siku ya kubanduliwa. Karatasi hiyo isiwe na asidi, ambayo hugeuza picha kuwa ya manjano, na rangi yake iwe tulivu. Nakshi, kama inatakiwa, iende kwenye mbao za fremu, ambazo zinaweza kubadilishwa bila kuigusa picha. Pambo lililochapwa ndani ya taswira halitoki tena. Kwa hiyo anayepeleka picha studio na aombe kwanza nakala safi isiyo na pambo lolote, aihifadhi, kisha ndipo aagize ya maua kwa ajili ya sherehe.