Mashimo ya Umatengo: Nani Atayachimba?

Ninyi mnaolima nchi tambarare hamna habari ya shamba lililosimama kama ukuta. Huku kwetu Umatengo, katika wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, mtu hupalilia mahindi huku mguu mmoja uko juu na mwingine chini. Boga likimponyoka mkononi, atalifuata mtoni. Hata hivyo watu wamelima milima hii zaidi ya miaka mia moja, na udongo ungalipo. Mgeni akitazama kutoka ng'ambo ya bonde huona mlima mzima umetobolewa mashimo kama sega la nyuki, na huuliza ni kitu gani. Ni ngoro.

Ngoro haichimbwi ovyo. Mwezi wa Machi, mvua ikiwa bado inanyesha, wanaume hufyeka majani yaliyoota katika shamba lililopumzika. Majani yakisha kunyauka hupangwa kwa mistari, mingine ikishuka na mlima, mingine ikikata mlima, hata shamba lote likawa na miraba miraba, kila mraba upana wa hatua mbili hivi. Ndipo akina mama huingia na jembe. Huchimba udongo katikati ya mraba na kuyafunika yale majani pande zote nne. Hivyo katikati hubaki shimo, na kandokando hubaki matuta yenye majani ndani yake. Juu ya matuta humwagwa maharage, nayo hufunikwa kwa udongo mwingine kidogo kutoka shimoni.

Maharage huvunwa kiangazi. Mvua ikirudi Novemba au Desemba, mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale, na majani ya palizi hutupwa shimoni yaoze. Mahindi yakisha kuvunwa, shamba hupumzika mpaka Machi nyingine, kisha kazi huanza upya; nayo mashimo huhamishwa, pale palipokuwa na tuta pakawa shimo. Kwa sababu mzunguko huo ni wa miaka miwili, nyumba iliyo na akili huwa na mashamba mawili, moja la maharage, moja la mahindi, ili mwaka wowote usipite bila vyote viwili chunguni.

Sasa fikirini mvua. Kwetu hunyesha zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Novemba na Mei. Maji hayo yakipata mteremko mtupu, huchukua udongo wote hata mwamba ukaonekana. Katika ngoro kila shimo hukamata maji yake. Maji husimama, huacha tope lake chini, hunywewa na ardhi polepole, na yakizidi humwagikia shimo la chini yake. Kwa hiyo mashimo hutegemeana. Anayeacha shamba lake la juu bila ngoro hajidhuru mwenyewe tu, maana maji aliyoshindwa kuyazuia humshukia jirani wa chini kwa nguvu zote. Zamani jambo kama hilo lingalizungumzwa katika sengu, yaani pale wazee na jamaa zao walipokula pamoja na kuamua mambo ya ukoo. Sengu ilififia siku nyingi, na maneno ya namna hiyo sasa hupelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, tena mara nyingi udongo ukisha kwenda.

Watu hupenda kuuliza tulifundishwa na nani. Hatukufundishwa na serikali. Wangoni walipoingia nchi hii katika karne ya 19, Wamatengo walijibana milimani, wengine wakajificha katika mapango ya Litembo. Watu wengi mahali padogo penye mteremko, hawana nafasi ya kuhamahama: hapo ilibidi udongo ulindwe, la sivyo ni njaa. Mwaka 1938 Mwingereza mmoja, A. H. Pike, aliandika habari za ngoro katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na wakubwa wa kilimo wakastaajabu. Linganisheni na Uluguru, ambako serikali ya wakoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 watu walikataa, fujo zikazuka, na mradi ukaachwa. Kuchimba udongo si jambo la kuamriwa na bwana shamba aliyekaa barazani.

Lakini mimi, kama karani wa parokia, nisiwadanganye wasomaji kwa sifa tupu. Nimesema wanaume hufyeka. Je, nimesema hufanya nini baada ya hapo? Mwanamume akisha kufyeka, kwa desturi kazi yake katika ngoro imekwisha. Kuchimba, kupanda, kupalilia, kuvuna na kubeba mzigo kupandisha mlima ni kazi ya mama, mara nyingi na mtoto mgongoni. Siku moja nilishika jembe toka asubuhi nikidhani nitamaliza sehemu yangu kabla ya jua kuwa kali. Kabla ya saa nne viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na mama mmoja mwenye umri wa kunizaa alikuwa amenipita mistari mitatu. Alicheka tu.

Wanaume wana kahawa. Mibuni ililetwa kwetu katika miaka ya 1920, na mwaka 1936 Wangoni na Wamatengo walikuwa na chama chao cha ushirika. Kahawa ilijenga nyumba za matofali na kuezeka mabati, ililipa ada za shule, ilinunua mbolea. Ila miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilipoachiwa watu binafsi, mikopo ya mbolea ya ushirika ilikauka, na bei ikawa ya kupanda na kushuka kama homa. Mwaka wa bei mbaya, nyumba nzima huishi kwa maharage ya ngoro, yaani kwa jasho la mama. Na maharage hayo yakiuzwa, fedha hushikwa na nani? Swali hili limevunja amani ya nyumba nyingi kuliko pombe, ingawa pombe nayo haijambo.

Milima nayo imejaa. Tangu miaka ya 1960 watu wengi wamekuwa wakishuka kwenda nchi ya chini yenye miti ya miombo, ambako ardhi ni tele na mteremko si mkali. Huko hulima matuta ya kawaida, maana ngoro ina kazi nyingi. Sitawalaumu. Vijana wengine huenda mbali zaidi, hasa tangu barabara ya Songea hadi Mbinga ilipotiwa lami. Ofisini kwangu naliona jambo hili katika barua: watu waliobatizwa hapa huomba cheti kutoka Dar es Salaam, kutoka Mbeya, kutoka mahali nisipopajua, wapate kufunga ndoa huko. Huku nyuma jembe limebaki kwa akina mama wazee.

Msaada uliofaa kweli ulipunguza kazi ya mama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kijiji cha Kindimba kilipata mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto, wanakijiji wakishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na Wajapani. Safari ya kwenda mbali na debe la mahindi kichwani ni siku nzima iliyopotea, na siku hiyo ikiwa ya Machi ni mistari ya ngoro isiyochimbwa.

Siku hizi nawaona vijana wachache waliooa karibuni wakishika jembe shambani pamoja na wake zao. Wazee huwatazama wakipita, wengine huguna, lakini sijasikia aliyewakataza. Mwaka jana jirani yangu mmoja na mkewe walimaliza shamba lao wiki mbili kabla yetu sote. Maharage yao yalichipua mvua ikingali nzuri. Yetu yalikutwa na kiangazi yakiwa na maua.