Samaki wa nyuzi 85

"Ami, samaki wameiva!"

Hivyo ndivyo alivyonipokea dereva pale Mtito Andei, niliporudi garini baada ya swala na chai. Tulikuwa tumebeba changu na kolekole kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na skrini ya lori la friji ilisema ndani mna nyuzi joto 85. Mnunuzi aliiona namba hiyo hiyo kwenye simu yake, akapiga kusema mzigo hautaki. Hasara ingemwangukia kijana huyu.

Tukafungua mlango. Barafu tele, samaki macho maangavu. Nyuzi 85 maji yakaribia kuchemka!

Diploma yangu ya elektroniki ni ya zamani, lakini namba 85 naijua. Kipima joto kile ni chipu ya DS18B20, ndogo kama punje ya mahindi. Ikipata umeme tu, kabla haijapima chochote, huwa tayari imeandikwa 85 ndani yake. Ndivyo ilivyoundwa. Kupima kwa ukamilifu huchukua hadi milisekunde 750. Ukiisoma mapema, au umeme ukikatika katikati ya kupima ukarudi, wapewa 85.

Sasa, nani huisoma? Kisanduku kile kina kompyuta ndogo ya Linux. Kiini chake, kerneli, ndicho kinachoshughulika na vyuma, nacho huwekewa mkalimani wa kila aina ya chipu. Mkalimani huyo ndiye draiva (si huyu wangu aliyekuwa akitokwa jasho). Ya chipu hii yaitwa w1_therm. Chipu haijui nyuzi. Hutoa hesabu tupu, kwa mfano 24. Draiva huizidisha kwa 0.0625, ikawa nyuzi 1.5, kisha huiandika 1500, yaani kwa elfu za nyuzi, kwa sababu ndani ya kerneli hesabu za desimali huepukwa. Ikija 1360, jibu ni 85 kamili, na draiva huipitisha kama ilivyo.

Kwani haiwezi kushuku? Matoleo ya karibuni yana swichi ya kuhakikisha kwamba chipu ilipima kweli, na isipopima hurudisha kosa badala ya namba. Lakini lazima mtu aiwashe. Aliyefunga kisanduku chetu hakuiwasha, na binafsi namlaumu yeye kuliko chipu. Kukataa 85 zote nako si dawa: kuna mitambo inayofika nyuzi hizo kihalali.

Tulifuata waya hadi nyuma ya friji. Wa umeme ulikuwa umelegea, unacheza kila injini ikitetemeka. Nikaukaza, nikaufunga kwa utepe. Skrini ikasoma 1.5.

Mnunuzi nilimtumia picha ya barafu na ya skrini pamoja. Akajibu kwamba atapima mwenyewe mzigo ukifika. Dereva akawasha gari bila kumaliza chai yake.