Kitufe Kisicho na Jina

Kwenye daladala, jirani akisikia simu yangu ikiongea hudhani imeharibika. Nimeiwekea kasi kubwa, mtangazaji wa mpira haoni ndani. Sisi tusioona tukishazoea tunaisikiliza hivyo hivyo, maana anayetaka kusoma ujumbe wa mwenye nyumba hana muda wa kusubiri mashine ivute maneno.

Programu hizi za kusoma skrini zina umri. JAWS ilitoka mwaka 1989, na nyuma yake yuko Mmarekani Ted Henter, aliyekuwa akishindana kwa pikipiki kabla ya ajali ya gari kumpofusha mwaka 1978. Ni nzuri, ila bei yake si ya mfuko wangu. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, asiyeona, akaanza kuandika NVDA, kisha akaungana na James Teh, naye haoni. Hiyo hutolewa bure mpaka leo. Kwenye simu, iPhone ilipata VoiceOver mwaka 2009. Android ina TalkBack.

Basi mtu akiniambia wasioona tunasubiri teknolojia, namshangaa. Kinachonikwamisha mimi ni ukurasa uliotengenezwa ovyo.

Ninayo programu ya benki moja. Napitisha kidole juu ya kioo, naambiwa: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Mwenye macho anaona mshale, kengele na pochi. Mimi nina vitufe vitatu visivyo na majina, na kimojawapo kinahamisha pesa zangu! Kisoma skrini husoma maandishi ambayo msanidi ameyaambatanisha na picha. Hapa hakuambatanisha chochote. Kuandika "Tuma pesa" kungemchukua sekunde chache.

Fomu zake nazo ni vituko. Ukikosea namba, kisanduku kinageuka chekundu, basi. Nabonyeza "Endelea", kimya. Nabonyeza tena, kimya.

Kwenye kompyuta, NVDA inaniruhusu kubonyeza herufi H na kuruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, kama kweli ni vichwa vya habari. Wabunifu wengi hukuza tu herufi na kuzikoleza wino. Kwa macho inatosha, lakini kwa NVDA hizo ni aya kama aya nyingine, nami inabidi nisikilize ukurasa mzima tangu juu, matangazo ya viatu yakiwemo.

Wenye uoni hafifu wana kesi yao. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambacho wabunifu hukipenda mno, hakifiki hapo. Kwenye jua la saa saba kituoni, hata mwenye macho mazima hukunja uso.

Vijana wasanidi wakinifuata kuomba ushauri, huwaambia wawashe TalkBack, wafunike kioo kwa kitambaa, kisha wanitumie shilingi elfu moja kwa programu yao wenyewe. Wengi hukwama kabla ya kufika kwenye namba ya siri, na wapo wanaoomba kuchungulia kidogo.