Mtumishi wa mabwana wawili bado ana njaa

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, jengo moja la Via Rovello, katikati ya Milano, lilibaki na sifa ya kutisha. Kikosi cha Kifashisti cha Muti kilikuwa kimelifanya makao yake, na humo ndani watu waliteswa. Mei 1947, Giorgio Strehler, Paolo Grassi na Nina Vinchi walifungua mahali hapohapo Piccolo Teatro, ukumbi wa maigizo wa umma. Julai 24, wakifunga msimu wao wa kwanza, walimpandisha jukwaani mtumishi mwenye njaa, aliyevaa viraka vya kila rangi, anayehangaika kuwatumikia mabwana wawili kwa siri ili ale mara mbili. Mwongozaji, Strehler, alikuwa na miaka 25.

Tamthilia hiyo ni ya Carlo Goldoni wa Venice, wa karne ya 18. Mtumishi mwenyewe, Arlecchino, ana umri mkubwa kuliko Goldoni. Ametoka katika commedia dell'arte, vichekesho vya barakoa vilivyozunguka Italia na Ulaya kwa zaidi ya miaka 200. Februari 25, 1545, mjini Padova, wanaume wanane walifunga mkataba wa kuigiza pamoja. Farasi wa kubeba mizigo angenunuliwa kwa fedha za wote, atakayeugua angesaidiwa na wenzake, na mapato yangewekwa katika sanduku lenye funguo tatu, zikishikwa na watu watatu. Naipenda sana hati hiyo. Inaonyesha kwamba waliowachekesha watu viwanjani walikuwa mafundi wanaotafuta riziki, na njaa ya Arlecchino waliijua kwa matumbo yao wenyewe.

Hawakukariri maneno. Walikuwa na muhtasari wa kisa tu, na mara nyingi mwigizaji alishikamana na mhusika mmoja maisha yake yote. Kulikuwa na Pantalone, mfanyabiashara mzee na bahili wa Venice, mji ambao wengi wetu tuliukuta kwanza katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Kulikuwa na Dottore, msomi wa Bologna asiyejua kunyamaza, na Capitano, askari wa majigambo anayetimua mbio hatari ikikaribia. Mengine yote yalizuka papo kwa papo, yakitegemea wepesi wa ulimi na wa mwili.

Ndiyo maana kuifufua sanaa hii ni kazi nzito. Goldoni mwenyewe aliwapunguzia waigizaji uhuru huo: kisa cha mabwana wawili alikitunga mwaka 1745 kwa ajili ya mwigizaji Antonio Sacchi, sehemu kubwa ikiwa muhtasari, kisha baadaye akakiandika neno kwa neno. Karne ya 18 ilipokwisha, mkondo wa fundi kumfundisha fundi ulikuwa umekatika. Strehler na wenzake walikuwa na maandishi na michoro ya kale, ila hawakuwa na mzee wa kuwaonyesha jinsi mtu anavyotembea akiwa ndani ya barakoa.

Barakoa zao za kwanza zilikuwa za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Ziliumiza ngozi na kuziba macho. Marcello Moretti, Arlecchino wa kwanza wa Piccolo, alichoka nazo akaamua kujipaka rangi nyeusi usoni. Aliyewaokoa ni Amleto Sartori, mchongaji wa Padova. Alichunguza barakoa za kale zilizohifadhiwa, akajifundisha upya njia iliyosahauliwa: unachonga kalibu ya mbao, unailowesha ngozi, unaivuta juu ya kalibu na kuigonga kwa nyundo ya pembe mpaka ishike kila kunjo la uso. Barakoa hiyo ni nyepesi, na mwigizaji hupumua ndani yake. Kwangu mimi, Sartori anastahili heshima sawa na Strehler. Bila karakana yake, Moretti angebaki na uso wa rangi, na rangi haimlazimishi mtu kuzungumza kwa shingo, mabega na magoti.

Moretti alifariki mwaka 1961. Nafasi yake ilichukuliwa na Ferruccio Soleri, mzaliwa wa Florence, ambaye tayari alikuwa amemshikia zamu jukwaani walipozuru New York mwaka 1960. Soleri hakuivua barakoa hiyo moja kwa moja hadi 2018, akiwa na miaka 88, baada ya maonyesho zaidi ya 2,000. Onyesho limezunguka nchi zaidi ya 40, likichezwa kwa Kiitaliano mbele ya watu wengi wasiojua Kiitaliano. Arlecchino akimfukuza nzi kwa macho, akimkamata na kumla, hakuna anayehitaji mkalimani. Na Soleri alipofunua uso mwishoni, ukumbi uligundua kwamba kijana aliyekuwa akiruka muda wote ule alikuwa babu.

Strehler hakuruhusu onyesho ligande. Alilitengeneza upya mara kadhaa kabla ya kufariki Desemba 1997. Katika toleo la 1963 aliwaonyesha waigizaji wakiwa pia nje ya uigizaji, wamekaa kando na mikokoteni yao wakisubiri zamu. Enrico Bonavera, aliyempokea Soleri, kwanza alicheza Brighella, mwenye nyumba ya wageni, kwa miaka mingi. Alikuwa jukwaani pamoja na Arlecchino usiku baada ya usiku, akimtazama kwa karibu. Mkondo uliokatika sasa unatiririka tena, kutoka kwa Moretti hadi kwa Soleri hadi kwa Bonavera, kwa sababu ukumbi wa umma ulikubali kuugharamia kwa miongo mingi.