Keki za Vikombe kwa Jiko la Mkaa: Krismasi Ikikukuta Endagikot

Kila Desemba wengi wetu tunarudi nyumbani tukiwa na hali moja: bumu limeisha, na wadogo zetu wanasubiri mwanachuo aje na kitu. Kwetu ni Endagikot, Mbulu Mjini, mkoani Manyara. Kuku wapo, maziwa yapo, mkaa upo. Oveni ndiyo haipo. Miaka mitatu sasa mimi ndiye mpishi wa keki za Krismasi kwetu, na kwa kuwa wenzangu hapa chuoni wananiuliza sana, naomba nieleze yote kwa mkupuo.

Kwa nini keki ndogo? Sababu ya kwanza ni watoto. Sikukuu ikifika, watoto wa jirani hawasubiri kualikwa, wanakuja tu, na ndivyo inavyotakiwa. Keki kubwa lazima ikatwe, na ikishakatwa hakosekani atakayeona kipande cha mwenzake ni kikubwa zaidi. Keki ya kikombe ni ya mtu mmoja, haina kesi. Sababu ya pili ni moto. Keki kubwa kwenye mkaa huungua chini wakati katikati bado uji. Kwenye keki ndogo joto hufika katikati mapema, kwa hiyo inaiva kabla chini hakujaungua.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mapishi mengi ya mtandaoni hayasemi. Mbulu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko Dar es Salaam au Tanga. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Kwa hiyo kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi au chini yake, siyo 100, na unyevu wa keki hukimbia haraka. Pia gesi inayotoka kwenye beking pauda hutanuka zaidi, kwa sababu hewa ya nje haiibani sana. Keki inaumuka mbio, inafika juu kabla unga na mayai havijashika, halafu inadidimia katikati kama kisahani. Watu watasema mayai yalikuwa mabovu, au mpishi ana mkono mbaya. Kumbe ni mwinuko. Wewe wa Njombe, Mbeya au Makete, hili linakuhusu pia.

Siyo jambo dogo. Mayai matatu yakiharibika, ni mayai ambayo Mama angeyauza akanunua madaftari ya Januari. Ndiyo maana nasema elewa sababu kwanza, kisha washa moto.

Kwa keki 12 chukua unga wa ngano gramu 200, siagi ya kopo gramu 120, sukari gramu 125, mayai ya kienyeji 3, maziwa nusu kikombe, chumvi kidogo na ganda la limau lililokwaruzwa. Beking pauda ni kijiko kimoja cha chai. Mtu wa pwani angeweka kimoja na nusu, sisi tunapunguza. Sukari nayo tunaipunguza kidogo, kwa sababu ikizidi inachelewesha keki kushika. Maziwa tunaongeza vijiko viwili vya chakula, kufidia unyevu unaopotea.

Piga siagi na sukari kwa mwiko mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi. Hapo ndipo unapoingiza hewa. Ongeza yai moja moja huku ukipiga. Unga chekecha pamoja na beking pauda, kisha uchanganye taratibu ukipokezana na maziwa. Unga ukishaingia usipige tena kwa nguvu, keki itakuwa ngumu kama mkate wa juzi. Kama sufuria yako inaingiza vikombe sita tu, gawa mchanganyiko wa siagi na mayai nusu kwa nusu, na unga wa awamu ya pili uweke pale ya kwanza inapokaribia kutoka. Beking pauda huanza kazi ikishalowa, haikusubiri.

Vikombe vya bati vinafaa sana. Vipake siagi, tandika karatasi nyeupe isiyo na maandishi, na jaza nusu tu.

Oveni yetu ni sufuria kubwa. Mwaga ndani mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili, funika kwa mfuniko bapa wa bati, acha ipate moto kama dakika 15. Kujua joto limefika, nyunyiza unga kidogo kwenye kifuniko cha bati, kiweke ndani: ukigeuka rangi ya kahawia hafifu kwa dakika tano, panga vikombe. Ukiwa mweusi, punguza makaa. Makaa mengi yakae juu ya mfuniko, machache chini. Usifunue kabla ya dakika 12, halafu jaribu kwa kijiti. Kikitoka kikavu, zimeiva. Mara nyingi ni dakika 20. Na mkaa nunua mapema, maana Desemba ni mvua na mkaa uliolowa ni moshi mtupu.

Utasikia wazee wakisema ngano ni chakula cha wageni. Lakini jirani zetu wa Hanang wanaijua vizuri. Kule Basotu, tangu miaka ya 1970, serikali kupitia NAFCO na kwa msaada wa Kanada ililima mashamba makubwa ya ngano, na Wabarabaig waliopoteza malisho yao walifika hadi mahakamani. Kwa hiyo unga huu una historia hapa hapa Manyara, na kuna waliolipa gharama yake.

Mapambo? Kiukweli siyo lazima. Twanga sukari kwenye kinu, ichekeche, inyunyizie juu keki zikishapoa. Zikiwa bado za moto sukari itayeyuka yote. Kisha zihesabu kabla hujamwita mtu yeyote, na ya Mama iweke pembeni kwanza.